Siku Moja kwa Sidi Gharibu

Sfax, Alhamisi 4 Machi 2004

Lalla Neziha,

Barua hii itakushtua, maana mara ya mwisho kukuandikia ilikuwa rambirambi ya mumeo, na kabla ya hiyo rambirambi ya mama yako. Safari hii hajafa mtu. Nakuandikia kwa kalamu kwa sababu simu imenishinda. Nikisema maneno kumi napumzika kama aliyepanda ngazi za mnara, na binti yangu Olfa husimama mlangoni akinihesabia ili apate kunikemea. Kalamu haina pumzi, wala Olfa haisikii.

Nina ombi. Nataka twende Kerkena, mimi na wewe, kwa siku moja tu. Tupande kivuko cha saa moja asubuhi hapa bandarini, turudi na kile cha saa kumi jioni. Daktari ananipa maneno matamu, lakini nimefundisha hesabu miaka thelathini na minne, namjua mtu anayelizunguka jibu. Mapafu yamekwisha. Kiangazi hiki sitakiona.

Najua hujakanyaga kisiwani tangu tulipomzika mama yako, mwaka wa themanini na moja. Najua pia kwamba uliapa hutalala kisiwani usiku hata mmoja asipokuwapo kaka yako Khemais. Sikuombi ulale. Nakuomba saa tisa za mchana. Kuna mahali nataka kukuonyesha, na kuna neno juu ya Khemais nataka kukuambia tukiwa pale pale. Tafadhali usiniulize kwa barua.

Nimechagua Alhamisi ya tarehe 29 Aprili. Baridi itakuwa imekwisha na wageni wa kiangazi hawajaanza kuja. Niambie kama utaweza.

Jirani yako wa zamani,
Tijani


Bizerte, 13 Machi 2004

Si Tijani, Bwana Mwalimu wetu,

Hajafa mtu, unasema, halafu mistari mitano chini unaniambia unakufa. Hivyo ndivyo walivyokufundisha kuandika huko chuoni? Nilikaa na barua yako jikoni mpaka maharage yakaungua, na mkwe wangu akapata la kusema wiki nzima.

Wajukuu wanacheka. Mmoja ameniuliza kama wewe ni yule aliyetaka kuniposa. Nikamwambia ndiye, ila alichelewa, alikuwa bado anasahihisha madaftari. Usikasirike. Kisiwani walikuwa wakisema hivyo, na mimi nilikuwa msichana, sikuchukia kusemwa.

Magoti yangu ni mabovu na treni kutoka Tunis haina huruma, lakini nitakuja. Nitafika Sfax Jumatano, nilale kwa shemeji yangu, na asubuhi unikute bandarini. Saa kumi jioni niwe ndani ya kivuko, hata kama mji mzima utatushika mashati tukale. Kiapo changu bado kipo. Mtu aliyeondoka bila kuaga, anayeweza kunifungulia kiapo hicho ni yeye tu.

Nami nina shughuli yangu huko. Mama, siku zake za mwisho, alinishika mkono akasema: "Neziha, mwanangu akirudi nami niko chini, mpelekee Sidi Gharibu mishumaa saba, na ulipake chokaa kaburi lake. Na asiporudi, mpelekee vilevile. Amenisikiliza miaka yote hii, hajanichoka." Sikupeleka. Nilimkasirikia walii yule. Miaka ishirini na tisa bibi kizee anakwenda kila Alhamisi kule rasini, anapiga magoti kwenye kaburi la mtu ambaye hata jina lake halijulikani, anaomba kitu kimoja tu, asipewe. Mtu akikunyima maji mara ya kwanza, huendi tena na kata. Lakini mama alikwenda.

Sasa nami nimezeeka na nadhiri ya mtu inanilemea. Kwa hiyo nitaleta mishumaa, na chokaa tutanunua huko huko. Kwa kuwa wewe ndiye mtunzaji wa mahali pale, naona hata siku umeichagua vizuri. Alhamisi ni siku yake.

Neno lako la Khemais nitalisubiri. Nimesubiri miaka hamsini na miwili, wiki saba ni nini?

Neziha


Sfax, 22 Machi 2004

Lalla Neziha,

Nimefurahi mno, vumilia mwandiko.

Mipango ni hii. Olfa atatuendesha mpaka ndani ya kivuko, kwa hiyo hakuna ngazi. Mimi nitabaki kwenye gari, au kama hewa ni nzuri nitakaa sitahani kwenye kiti cha magurudumu, nimefungwa blanketi kama mkate wa moto. Saa mbili na robo tutakuwa Sidi Yusufu, gatini kisiwani. Kutoka pale hadi kijijini ni mwendo wa nusu saa kwa gari. Binamu yangu Chedlia atatupikia shayiri na pweza mkavu, mimi nitanusa na wewe utakula. Baada ya chakula Olfa atabaki kwa Chedlia. Amekubali, ingawa ananitazama kama mwanafunzi aliyeficha kitu chini ya dawati. Mimi na wewe tutakwenda rasini. Mpwa wangu atatusogeza na gari la kukokotwa na punda, halafu atatuacha.

Mishumaa usilete. Chokaa pia usinunue. Nadhiri ya mama yako ilikwisha kutimizwa, tena kwa namna ambayo hakuna mtu angeweza kuitimiza zaidi, na nitakueleza. Usinibishie katika hili, nakuomba kama mtu mwenye haki ndogo ya kuomba.

Usimkasirikie aliyelala pale. Hakumnyima mama yako kitu. Hakuwa nacho cha kumpa.

Tangu nipate barua yako silali mchana kama zamani. Asubuhi jirani anapofagia ua wake kwa kuti la mtende, nasikia mtu anatembea ndani ya maji ya magotini. Anatembea, anasimama, anatembea tena. Nilimuuliza Olfa kama anasikia. Akasema, "Baba, ni ufagio." Nikamjibu najua ni ufagio.

Tijani


Bizerte, 31 Machi 2004

Si Tijani,

Usinipangie nadhiri ya mama yangu. Wewe ni mwalimu, si kadhi. Mishumaa nimekwisha kununua, saba, ya nta, si hii ya siku hizi inayonuka mafuta. Ukiendelea kunizuia nitaleta kumi na minne.

Nimeanza kwa ukali kwa sababu naogopa kuandika yanayofuata.

Umesema una neno juu ya Khemais. Nami ninalo, sijamwambia mtu, wala mume wangu Mungu amrehemu, wala mama. Nadhani ukinisikiliza kwanza utajua namna ya kuniambia lako.

Unakumbuka harusi yangu. Siku ya tatu ilikuwa siku ya kuruka samaki, bibi na bwana harusi wavuke juu ya samaki mara saba, wazae, wasikose. Jioni ya kuamkia siku hiyo Khemais aliingia na samaki mkononi. Alikuwa chewa, si mdogo sana, lakini si samaki wa harusi. Wakwe zangu wote wamekaa, wale watu wa Bizerte wenye viatu vya kung'aa. Nami nikiwa na hina mpaka kwenye viwiko, nimeketi juu kama malkia wa siku tatu, nikasema, "Kaka, huyu hata paka wetu anamruka akiwa usingizini."

Watu walicheka. Mama mkwe alicheka mpaka akashika ubavu. Khemais naye alitabasamu. Akamlaza samaki kwenye sinia, taratibu, akasema, "Basi ngoja uone." Ndilo neno la mwisho nililolisikia kwake.

Asubuhi hakuwapo. Mchana hakuwapo. Watu wakasema kijana amechoka na shughuli, yuko mahali amelala. Tukamruka yule yule samaki mdogo, mara saba, nami nikicheka. Siku ya nne mama akaenda kukuuliza wewe, maana mlikuwa mkitembea pamoja tangu utoto. Nilikuwa nyuma yake. Akasema, "Wanasema kuna mashua ya Wataliani, wavuna sifongo, ilitia nanga upande wa kaskazini. Tijani, ulimwona akipanda?" Ukatikisa kichwa kuwa ndiyo. Kesho yake wakanichukua Bizerte.

Kwa hiyo najua kwa nini aliondoka. Nilimdhalilisha mbele ya wageni nyumbani kwake mwenyewe, akaona afadhali awe maskini wa watu huko Sisilia kuliko kurudi kutazamwa usoni na wakwe zangu. Mama alikufa akimngojea kwa sababu ya neno moja la paka. Kila mtoto niliyezaa nilimzaa nikijua nimemruka samaki wa aina gani.

Sasa nijibu. Alipopanda mashua ile aligeuka nyuma? Alisema lolote juu yangu? Ndilo neno lako? Kama alinitukana, niambie tukiwa kule, nitakaa chini.

Neziha


Sfax, 9 Aprili 2004

Neziha,

Nilikuwa nimepanga kukuambia haya nikiwa nimekaa kando yako, mkono wangu ukionyesha mahali. Barua yako imenivunjia mpango. Siwezi kukuacha na lile neno la paka kwa wiki tatu zaidi, nami nimekwisha kukuachia miaka hamsini na miwili. Soma ukiwa umekaa.

Khemais hakupanda mashua yoyote. Hakuondoka kisiwani. Hakukukasirikia. Alifariki asubuhi ile ya siku ya tatu, katika wando wetu wa kunasia samaki, na mimi ndiye sababu.

Wewe ulikuwa msichana, hukushuka baharini, kwa hiyo nitakueleza kama ninavyoweza. Wando wenu na wando wetu zilitoka ufukoni bega kwa bega, kuta mbili za makuti ya mtende zilizochomekwa mchangani, zikienda mbali kwenye maji mafupi mpaka ukingoni mwa mkondo. Huko mwisho wa kila ukuta kuna vyumba. Maji yakipwa samaki hugonga ukuta, huufuata, huingia chumbani, na chumba kimejengwa ili kilichoingia kisione mlango. Wanaume huenda kwa miguu na kurudi kwa miguu. Na kila mtoto wa kiume hufundishwa kabla ya kufundishwa kuswali: ukungu ukikukuta kule, usiamini jicho wala sikio. Rudi na makuti mkono wa kushoto, usiyaachie, yatakufikisha nyumbani.

Msimu ule wando wenu ulikuwa ukivua na wetu haukuvua. Baba zetu walikuwa wamegombana juu ya mpaka, unakumbuka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne, mwalimu mpya, nimesoma, na nilijiona nina akili kuliko bahari. Nikajua siku tatu za harusi yako hakuna mtu wa kwenu atakayeshuka. Siku ya kwanza, wakati ngoma zinapigwa, niling'oa ukuta wenu hatua thelathini, nikaupinda, nikauunganisha na wetu, ili samaki wenu waje kwetu. Siku tatu tu, kisha ningerudisha kila kuti mahali pake. Laiti ningeweza kukuambia ulikuwa wivu wa mapenzi. Ungenielewa upesi, na mimi pia ningejielewa. Ulikuwa ni samaki.

Siku ya tatu niliamka alfajiri kwenda kurudisha ukuta. Ukungu ulikuwa mzito hata mikono yangu sikuiona. Nilikuwa nimesimama majini ninang'oa, niliposikia mtu anatembea upande wa baharini. Sikujua kwa nini mtu awe kule siku ya harusi. Nimejua kutoka kwako, wiki iliyopita. Alikwenda kukutafutia samaki mkubwa.

Akasimama. Akasema, "Nani hapo?" Nikanyamaza. Akacheka, akasema, "Kama ni jini, nina harusi, njoo baadaye." Nikanyamaza. Nilikuwa na kuti lenu mkononi, Neziha. Kama ningejibu angekuja, angeshika ukuta, angejua. Nikasikia anatembea tena. Anafuata makuti kwa mkono wa kushoto, kama tulivyofundishwa sote, na makuti yalipopinda alipinda nayo bila kujua kwamba amegeuka. Maji yalikuwa yameanza kujaa. Kadiri yalivyopanda ndivyo alivyoharakisha, kwa sababu alijua anakwenda nyumbani. Alikuwa anakwenda kwenye chumba chetu.

Akaita tena kutoka mbali. Safari hii hakuuliza nani. Alisema, "Tijani, ni wewe? Nimekusikia ukikohoa. Nipe sauti tu nijue ufuko uko wapi."

Sauti tu. Hakuniomba mkono, hakuniomba mashua.

Nilijiambia: anaogelea, ni mtoto wa bahari, ukungu utapasuka sasa hivi, atacheka na watu juu ya hili. Nikarudi ufukoni taratibu nisisikike. Nikaja harusini kwenu. Nilikuwapo ulipokuwa unamruka samaki. Nilipiga makofi.

Alasiri maji yalipopwa mimi na baba tulishuka, tukamkuta. Alikuwa na joho lake la sufu la harusi, zito kwa maji. Alama za mikono yake zilikuwa kwenye makuti pande zote za chumba. Alikuwa amezunguka. Pembeni yake, katika chumba kile kile, alikuwamo chewa mkubwa ajabu, bado hai. Nilimwachia huyo akaenda.

Baba alisema, "Wakijua watakuja na visu, na haki wanayo. Watabaki akina nani katika nyumba ile na hii?" Tulimpeleka kwa mashua hadi rasini, kwenye shamba letu la shayiri. Tulimwosha kwa maji ya kisima, tukamswalia watu wawili, tukamlaza kuelekea kibla na kumpangia mawe. Kesho yake mama yako alikuja kuniuliza juu ya mashua ya Wataliani. Uvumi ule sikuuanzisha mimi. Nilitikisa kichwa mara moja. Kama nisingetikisa, angekufa akijua mwanawe yuko wapi.

Sasa umekwisha kuelewa, nami sitaki uelewe peke yako, niache niandike.

Nilikuwa nakwenda pale kila wiki kusoma. Wanawake waokota kombe waliniona. Mwalimu kijana, mwenye vitabu, anasoma kwenye kaburi ambalo jana halikuwapo na halina jina. Wakasema amefunuliwa siri ya walii. Wakaleta mishumaa. Wakampa jina, Sidi Gharibu. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana. Niliitazama nafasi ile ikipita kama mtu anayetazama kivuko kikiondoka huku amesimama gatini na tiketi mkononi.

Na mama yako akaja. Alhamisi ya kwanza nilimwona kwa mbali nikajificha. Baada ya miezi aliniita: "Mwalimu, wewe una mwandiko, niandikie karatasi niitie kwenye mawe ya Sidi." Nikaandika kama alivyosema: Bwana wangu Gharibu, nirudishie Khemais, nimwone hata kwa mbali. Kwa mwandiko wangu mzuri wa shule. Akaibusu, akaisokomeza kati ya mawe, akainamisha shavu juu ya kaburi, akakaa hivyo mpaka akasinzia. Miaka ishirini na tisa alikuwa akimwomba mwanawe arudi, na mwanawe alikuwa chini ya shavu lake. Ndiyo maana nilikuambia nadhiri imetimizwa.

Sikuombi msamaha. Nakuomba uje, nikuonyeshe upande wa kichwa na upande wa miguu, maana mawe yamepangwa upya mara nyingi na mimi tu ndiye ninayejua. Baada ya hapo useme kwa watu utakalo. Baba amekufa, Chedlia hajui, Olfa hajui. Mimi sina tena cha kulinda.

Neno lako la paka litupe baharini. Hakuondoka kwa hasira. Alikwenda kukuletea zawadi, na alikuwa anarudi.

Tijani


Bizerte, 17 Aprili 2004

Barua yako imefika.

Neziha


Sfax, Jumatatu 26 Aprili 2004

Mama mdogo Neziha,

Mimi ni Olfa. Barua hii naipeleka kwa dereva wa teksi ya Bizerte, kijana wa watu tunaowajua, na nimemwomba asubiri jibu lako ili arudi nalo leo leo. Nisamehe kwa haraka hii.

Baba amezidiwa tangu Ijumaa. Yuko nyumbani, alikataa hospitali. Sauti imekwisha kabisa, anaandika kwenye ubao mdogo, na akili yake ni nzima kuliko yangu. Daktari anasema siku mbili au tatu. Safari yenu ya Alhamisi naona Mungu hakuiandika, na baba amekuwa akiniandikia hilo kuliko hata dawa: "Kivuko. Neziha. Saa moja."

Jambo lenyewe ni hili. Wazee wa kijiji wamesikia hali yake, wametuma watu wawili. Wanasema mwalimu amemtunza Sidi Gharibu miaka hamsini, yeye ndiye aliyemjua kabla ya watu wote, na wanaona ni heshima alazwe pale pale, ubavuni kwa walii. Wako tayari kuanza kuchimba. Mimi nililia kwa furaha. Nilipomwambia baba, aliniomba ubao. Halafu akachukua chaki akaandika: "Muulize Neziha. Atakalosema yeye ndilo."

Nilimuuliza kwa nini wewe. Akafuta ubao.

Mama mdogo, sijui kuna nini kati yenu na siulizi. Watoto wangu wanasema labda ni mapenzi ya zamani, nimewaambia wanyamaze. Niambie tu nifanye nini, nami nitamsomea jibu lako kama lilivyo.

Binti yako,
Olfa


Bizerte, Jumatatu 26 Aprili 2004, saa nane mchana

Olfa mwanangu,

Dereva wako anakula jikoni kwangu, kwa hiyo ninaandika bila kupanga maneno. Msomee baba yako haya polepole, mdomo karibu na sikio lake. Pale usipoelewa, usisimame kuuliza. Yeye ataelewa.

Mwalimu Tijani. Barua yako ya tarehe tisa niliisoma, nikaifungia kabatini, nikaitoa, nikaisoma tena. Siku ya tano niliitia mkobani. Kisha nikapanda treni. Alhamisi iliyopita nilikuwa kwenye kivuko cha asubuhi, peke yangu. Kabla ya kupanda nilipita mtaa wenu nikaona dirisha lako, taa inawaka, sikubisha hodi. Nilitaka nifike kwake kabla sijakutazama wewe usoni, maana sikujua uso wangu ungefanya nini.

Nilimkuta. Palikuwa na wasichana wawili wameleta mishumaa, mmoja anaomba mtoto, mwingine mtihani. Nikawangoja wamalize. Waliniuliza, "Bibi, nawe umekuja na haja gani?" Nikasema nimekuja kumwona ndugu yangu. Wakadhani ni namna ya kusema. Walipoondoka nilikaa chini na kumwita jina lake, kwa sauti, kama nilivyokuwa nikimwita akichelewa chakula. Sikujua upande wa kichwa. Niliongea nikizunguka, upande huu na huu, nikasema moja lazima linafika sikioni. Nilimwambia habari za mama. Nilimwambia nina watoto watano na wote wanaogopa maji. Mpaka honi ya kivuko ilipolia kwa mbali nikajua nimekichelewa, na nililala kisiwani, kwa Chedlia, usiku mzima, bila ndoto.

Kwa hiyo nionyeshe sasa. Chukua ubao wako, mchoree Olfa kichwa kiko wapi na miguu iko wapi. Hilo ulitaka unipe na bado nalitaka.

Unangoja nikuambie kama nimekusamehe. Msichana wa miaka kumi na saba aliyesema maneno ya paka nimemsamehe, na hilo umeniwezesha wewe. Nakushukuru, na naona ajabu kuandika neno hilo kwako. Wewe nimekuachia Mungu. Nimekuacha kwake bila hasira, na hapo ndipo nilipofika. Kama ningekuwa na miaka kumi mbele ningefika mbali zaidi. Huna miaka hiyo, nami sina.

Sasa, Olfa, haya ni yako. Alhamisi nitakuwa bandarini saa moja kasorobo kama tulivyopanga. Kama baba yako bado anapumua, nitakaa kando ya kitanda chake mpaka amalize, na kama amekwisha kumaliza, tutavuka naye pamoja. Safari ni saa moja na robo. Inatosha kukueleza kila kitu, na ni mimi nitakayekueleza, usikie kwa mtu aliyekuwa na haki ya kupiga kelele na hakupiga. Baadaye nitawaeleza wazee. Watachukia kwa siku chache, kisha watakuja kumswalia kijana wao.

Wape jibu hili leo, kabla mtu hajagusa jembe. Wamshukuru mwalimu kwa heshima yote, na kaburi lake walichimbe makaburini, kati ya watu, karibu na mama yake. Kule rasini pasichimbwe. Pana mwenyewe.

Neziha